Tenga la Makuyu Shimoni kwa Ngiri

Hodi ya ngano!

— Karibu, ingia!

Nimekuja na uongo mkononi.

— Ingia nao!

Ukweli nimeuacha nje.

— Uingize nao, usije ukanyeshewa!

Haya.

Asubuhi ya kwanza ya kiangazi, tenga la Pimbi lilikutwa tupu.

Habari hiyo ilithibitishwa na Pimbi mwenyewe, aliyeingiza kichwa ndani ya tenga hadi mabegani, na mkewe, Mama Chichi, aliyelipindua na kuligonga kitako: bu, bu, bu. Likaanguka jani kavu. Kuyu halikuanguka hata moja.

Makuyu yale ndiyo yaliyokuwa chakula cha kiangazi cha Pimbi, mkewe na watoto wao. Wakati wa vuli waliyachuma, wakayaanika juu ya jiwe, wakayageuza, wakayaanika tena. Kisha ukaja mwaliko: mdogo wake Mama Chichi anaolewa, mlima wa pili. Harusi ya shemeji haikosi mtu. Lakini nyumba ya Pimbi ni ufa kwenye jiwe, na mvua za mwisho zilikuwa zikipita humo kama zimepanga chumba. Ngiri, jirani wa chini, alikuwa na shimo refu na kavu.

"Leta, jirani," Ngiri alikuwa amesema. "Malipo ya nini? Bonde hili amana hailipiwi."

Na kweli, bonde lile amana hailipiwi. Ukimtunzia mwenzio kitu ukadai ujira, watoto wako watachekwa mtoni. Pimbi akashukuru, akaliacha tenga, akaenda kucheza ngoma ya harusi. Sasa alikuwa amerudi.

"Jirani, makuyu yangu yako wapi?"

Ngiri alikuwa amelala mlangoni kwake, meno yake yaliyopinda yakitazama nje.

"Pole, Baba Chichi. Mwizi."

"Mwizi gani?"

"Angeniachia jina ningekupa."

"Mlango ulifunga?"

"Mlango?" Ngiri akacheka, hrok, hrok. "Tangu nizaliwe sijafunga mlango. Chungulia hapo chumbani. Unaona chungu changu? Kilikuwa na viazi. Viko wapi? Jirani, nilikutunzia kama ninavyojitunzia."

Akainuka, akatikisa makalio, akaimba:

*Kama changu, kama chako!*
*Changu hakipo, chako hakipo!*
*Hrok!*

Pimbi akaenda kwa hakimu.

Hakimu wa bonde alikuwa Korongo. Huja na vuli, huondoka na masika. Akiwa kaskazini, hukaa juu ya bomba la moshi la chuo cha sheria mjini Roma, na maneno ya walimu hupanda pamoja na moshi. Kwa hiyo sheria yote ya Roma kuhusu uangalifu na uzembe anaijua kwa kusikia. Akitaka kimya hugonga mdomo: ta-ta-ta-ta-ta! Akitaka kufikiri husimama kwa mguu mmoja.

Ta-ta-ta-ta-ta! Baraza likanyamaza.

"Mlalamikaji, sema."

"Bi Hakimu, niliweka amana kwa huyu. Imepotea."

"Ulimlipa?"

"Bonde hili amana hailipiwi."

"Na wewe Ngiri, ulipata faida gani?"

"Faida, Bi Hakimu? Tenga lilinibana, nikalala upande upande."

Watu wakacheka. Korongo akainua mguu.

"Roma huanza na swali moja: nani anafaidi? Ukiazima jembe la jirani ukalimie shamba lako, faida ni yako peke yako. Lichunge kuliko roho yako. Likipata ufa, utalijibia. Mkifaidi wote wawili, kama mnaokodishana punda, chunga kama baba mwenye nyumba aliye makini."

"Samahani, Bi Hakimu," akasema Mama Kanga, aliyekuwa amekaa mbele. Yeye aliweka mtama wake kwa Ngiri, ukapotea pia. "Huyo baba ni nani?"

"Hana jina. Ni baba wa mfano. Hasahau mlango, halali zamu, haachi moto bila mtu."

"Yupo kweli?"

"Hayupo. Ni wa kupimia wengine."

"Nilijua," akasema Mama Kanga. "Angekuwepo, nisingeolewa na baba watoto wangu."

Ta-ta-ta-ta-ta!

"Lakini," Korongo akaendelea, "anayekutunzia bure, kwa hisani tu, hapimwi kwa baba huyo. Rafiki ulimchagua mwenyewe. Ukichagua mzembe, jilaumu. Yeye nitamdai mambo mawili tu. La kwanza, asifanye hila. La pili, chako asikichunge kwa uchache kuliko anavyochunga chake."

Korongo akaenda hadi shimoni. Akaona chumba cha mbele hakina mlango. Akaona chungu kimelala ubavu, kitupu. Akarudi.

"Ngiri ni mzembe. Lakini ni mzembe sawasawa, kwake na kwa wengine. Kesi nimeifuta."

*Kama changu, kama chako!* Ngiri aliimba akienda zake, mkia umesimama juu kama bendera. *Changu hakipo, chako hakipo! Hrok!*

Mama Kanga na mtama wake, na Nungunungu aliyepoteza mihogo kwa njia hiyohiyo, waliisikia hukumu, wakatazamana, wakaenda nyumbani bila kufungua kesi zao.

Jua likawaka. Nyasi zikakauka, zikawa zinavunjika mdomoni, ka, ka, ka, bila kushibisha. Watoto wa Pimbi walianza kulamba ukoga wa jiwe. Chichi, mkubwa wao, aliacha kucheza. Mdogo aliacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi.

"Baba Chichi," akasema Mama Chichi, "nataka kuipika ile sheria ya Roma. Niitie chumvi kiasi gani?"

"Subiri kidogo, mke wangu."

"Mimi nasubiri. Njaa ndiyo haisubiri."

Pimbi akapanda juu ya jiwe, akajilaza kifudifudi juani. Waliopita chini walisema: mtazame yule mvivu, watoto wanakufa naye anaota jua. Pimbi alikuwa anamtazama Ngiri.

Jambo la kwanza aliloona: Ngiri ananenepa. Kiangazi kimekaza, wote mbavu nje, na Ngiri tumbo linagusa vumbi.

Jambo la pili alilisikia. Kila jioni Ngiri alipoingia shimoni kinyumenyume, kama ilivyo desturi yake, makalio kwanza na meno mwisho, baada ya muda kidogo ilitoka sauti ndani: gwaruuu… tu! Ni sauti ya jiwe linaloburutwa. Baadaye tena: gwaruuu… tu!

Jambo la tatu lililetwa na upepo. Ngiri alitoka nje, akajinyoosha, akateuka, hewa ya shibe ikamtoka kinywani. Upepo ukapanda mlimani. Teuko lile lilinuka kuyu.

"Kumbe," akasema Pimbi.

Mama Chichi alitaka waende kwa Korongo palepale. Pimbi akakataa.

"Korongo akikuta makuyu, Ngiri atasema ni yake. Kuyu halina jina, Mama Chichi. Nataka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu."

"Aseme? Yule kinywa chake ni cha kulia tu!"

"Basi nitamwondolea chakula, aone pa kukipeleka hicho kinywa."

Pimbi akaenda kwa Korongo peke yake.

"Bi Hakimu, swali la mjinga. Roma wakikagua nyumba ya mtu, hukagua chumba cha mbele tu?"

Korongo akashusha mguu. Akainua wa pili.

"Hapana," akasema. "Nilifanya haraka. Kesho asubuhi nitalikagua shimo lote. Lakini lazima mwenye nyumba apewe taarifa leo. Hatuvamii nyumba za watu. Nani atampelekea?"

"Mimi. Si jirani yangu?"

Pimbi akashuka mbio, tipu tipu tipu, akafika kwa Ngiri anahema.

"Bwana Ngiri! Korongo anakuja kesho. Anakagua shimo lote, mpaka mwisho."

Ngiri akasimama wima. "Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Lote?"

"Lote. Ana mdomo mrefu yule, bwana, unafika popote. Mimi nimekuja kukupa habari tu. Ujirani ni ujirani."

Akageuka aende. Aliondoka polepole sana, kama mtu anayetarajia kuitwa.

"Baba Chichi! Njoo kwanza." Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto. "Tuseme mtu ana vitu. Vyake mwenyewe, si vya wizi. Lakini hapendi watu wavitazame. Ni haya tu. Angeviweka wapi?"

"Kwa mwenye njaa."

"Unasema?"

"Nani atatafuta chakula nyumbani kwa mwenye njaa? Pale kwangu, ndani ya jiwe, pana nyufa tele. Korongo mwenyewe amewaona wanangu wanalamba ukoga."

Ngiri akakunja pua. "Mtavila."

"Bwana mkubwa! Amana hiyo! Na malipo sitaki. Unaijua desturi."

Ngiri akamtazama kuanzia pua hadi makalio. Aliona kitu kidogo chenye mbavu. Akawaza: nikikikanyaga mara moja hakiinuki. Akawaza tena: kesho asubuhi. Na mbali na jirani huyu, mwingine wa kumwamini hakuwa naye, maana wote aliwahi kuwatunzia vitu.

"Kikipungua kimoja," akasema, "nitakukanyaga wewe, mkeo, na hata shemeji aliyeolewa."

"Utatukanyaga, bwana mkubwa."

"Na shahidi sitaki."

"Shahidi wa nini? Sisi majirani."

Gwaruuu… tu! Jiwe likasogezwa. Ngiri akabeba. Pimbi ni mdogo, hawezi mizigo, kwa hiyo alitangulia tu kuonyesha njia na kusema pole, pole, hapo pana utelezi. Ngiri akapanda na makuyu, akashuka. Akapanda na mtama, akashuka. Akapanda na mihogo, hoi, ulimi nje, akashuka. Jua lilipozama chumba chake cha ndani kilikuwa kitupu, na nyufa za Pimbi zilikuwa zimejaa.

Asubuhi Korongo alikuja na watu wa baraza. Ngiri alimpokea kwa heshima zote. Pita hapa, Bi Hakimu. Angalia kichwa, Bi Hakimu. Korongo akaingiza shingo chumba cha nje, akaingiza shingo chumba cha ndani, akapima jiwe, akanusa kuta. Ilichukua muda. Korongo hana haraka mara mbili.

Muda huo, juu mlimani nyuma ya jiwe, kazi nyingine ilikuwa inaendelea. Mama Chichi alisimama mlangoni pa ufa. Mama Kanga akaja na vifaranga, akachukua mtama wake. Nungunungu akaja, akaichoma mihogo kwenye miiba ya mgongoni, akaondoka amejaa kama mchuuzi. Watoto wa Pimbi walikuwa wanatafuna.

Korongo akatoa shingo. "Shimo tupu. Sina la kusema."

Ngiri akamsindikiza hadi njia panda, akapiga kona, akapanda mlima mbio.

"Baba Chichi! Leta vitu!"

Kutoka ndani ya jiwe ikasikika sauti ndogo: "Pole, bwana. Mwizi."

"Nini?"

"Nilisahau kufunga mlango. Halafu sasa nikitazama, naona sina mlango."

Ngiri akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akalivamia jiwe. Kong'! Jiwe halikusogea. Akarudia. Kong'! Ufa ulikuwa mwembamba. Meno yake yalipita nje kulia na kushoto, na pua ilibaki ikinusa mle ndani. Ikanusa kuyu. Kutoka gizani watoto wa Pimbi wakaimba, midomo imejaa:

*Kama changu, kama chako!*
*Changu hakipo, chako hakipo!*

Ngiri hakuimba. Alikwenda moja kwa moja barazani, na alikwenda akipiga kelele, bonde lote likamsikia.

"Makuyu yangu! Mtama wangu! Mihogo yangu! Nimeibiwa na kipande cha panya!"

Ta-ta-ta-ta-ta!

"Taratibu, Ngiri," akasema Korongo. "Umeibiwa nini?"

"Makuyu yangu. Niliyaweka kwake amana."

"Ulimlipa?"

"Bonde hili amana hailipiwi!"

"Sawa. Pimbi, jibu. Amana ulipokea?"

"Nilipokea, Bi Hakimu. Bure, kwa hisani tu. Imepotea. Lakini niliitunza kama ninavyotunza vyangu."

"Mwongo!" Ngiri akapiga kwato chini. "Pimbi ni waangalifu! Kila asubuhi mmoja wao hukaa juu ya jiwe zamu, wengine wakila. Akiona tai hupiga filimbi. Nani hajawasikia?"

Watu wakatikisa vichwa. Kweli, wote wamewasikia.

"Zamu ile ni ya ukoo," akasema Pimbi. "Siku yangu ikifika, mimi nasinzia. Muulizeni mke wangu."

"Anakoroma," akasema Mama Chichi. "Tai mwenyewe humwamsha."

"Hayo ni maneno ya mke kwa mumewe," akasema Korongo. "Hayatoshi. Nataka ushahidi wa kuonekana. Nionyeshe kitu chako mwenyewe, Pimbi, ulichokitunza vibaya."

Pimbi akafikiri. Mali hakuwa nayo, na asiye na mali hana cha kukipoteza. Mama Chichi akamtazama mumewe, kisha akawatazama watoto. Hukumu ikimwangukia baba yao, kilichomo matumboni mwao kingedaiwa hadi punje ya mwisho.

Pimbi akageuka polepole. Akalipa baraza mgongo.

"Tazameni," akasema. "Kila mnyama hapa alizaliwa na mkia. Wangu uko wapi?"

Watu wakatazama. Pale penye mkia palikuwa na manyoya tu.

"Ulikuwa wangu. Sikuwa nao pamoja na mtu. Haukuwa na uzito, haukuhitaji tenga, ulikuwa umeshikamana na mwili wangu mwenyewe. Na bado, Bi Hakimu, umepotea, na sijui niliuacha wapi. Mtu asiyeweza kuchunga mkia wake, mnampaje makuyu?"

Mama Kanga ndiye aliyeanza. Kakakakaka! Baraza zima likafuata. Nungunungu alicheka hadi miiba ikapukutika. Korongo alijaribu kugonga mdomo, ikashindikana, kwa sababu hata yeye mdomo ulikuwa wazi.

Alipotulia akasema: "Nimesomewa juu ya bomba lile mifano mingi. Huu sikuusikia. Lakini unatosha. Mzembe ni mzembe sawasawa, kwake na kwa wengine. Kesi nai—"

"Ngoja!" Ngiri aliruka mbele, mkia wake mwenyewe umesimama wima. "Mnanifananisha na huyu? Mnanihukumu kwa kipimo cha huyu, asiye na mkia, asiye na mlango? Mimi ni mwenye nyumba! Mimi vyangu siviachi ovyo! Vyangu naviweka chumba cha ndani, nyuma ya jiwe, na jiwe nalivuta mwenyewe kila jioni!"

Kicheko kikakatika.

Korongo akashusha mguu. Sasa alisimama kwa miguu yote miwili, jambo ambalo baraza lilikuwa halijaliona katikati ya hukumu.

"Rudia, Ngiri. Vyako ulikuwa unaviweka wapi?"

"Chumba cha ndani."

"Nyuma ya jiwe."

"Nyuma ya jiwe!"

"Na tenga la Pimbi uliliweka wapi?"

Ngiri akashusha mkia.

"Ulituonyesha chumba cha nje, kisicho na mlango. Basi chako ulikichunga kwa jiwe, na cha mwenzio ukakichunga kwa upepo. Roma hilo hawaliiti uzembe. Wanaliita hila."

"La, la, Bi Hakimu! Subiri. Nimekosea. Vile havikuwa vyangu."

"Havikuwa vyako?"

"Havikuwa."

"Basi leo unadai nini?"

Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto. Upande mmoja alikaa Mama Kanga, upande wa pili Nungunungu. Nyuma alikaa Mama Chichi na watoto, wa mwisho bado anatafuna.

"Hrok," akasema Ngiri, kwa sauti ndogo.

Hukumu ilisomwa kabla ya jua la adhuhuri. Alichopokea Pimbi kilikuwa kimerudi kwa wenyewe, kwa hiyo Pimbi hadaiwi. Alichokula Ngiri tangu mwanzo wa kiangazi akichimbe upya, mizizi kwa viazi, mbele ya mlango wa kila aliyemwekesha amana. Na kwa kuwa aliyemlaghai rafiki aliyemwamini hubaki na fedheha, kuanzia siku hiyo asipewe kitu kutunza, na neno lake lisipokelewe barazani.

Kazi ilianza siku hiyohiyo. Ardhi ya kiangazi ni ngumu, mizizi iko chini, na shingo ya Ngiri ni fupi. Ilimbidi apige magoti ya mbele. Hadi leo ngiri huchimba hivyo.

Na funzo la ngano hii, wenzangu, lishikeni: usichunge chako. Mlango uache wazi, jembe lilaze mvuani, mkia usahau popote. Uwe mzembe wa kujulikana bonde zima. Hapo jirani akikupa chake kikapotea, utakuwa umemtendea kama unavyojitendea, na huo ndio uungwana.

— Tumelisikia, hatulifuati!

Basi ngano nimeitua. Nimewapa bure, ikiwapotea njiani, sina dai.

— Tumeipokea, na jiwe tunalo!

Masika ilipoanza, Korongo aliruka kwenda kaskazini. Siku hiyo Ngiri alikuwa mlangoni kwa Mama Kanga, bado anachimba.